Je, Yeye Mwenyewe Ameulizwa?

Ndugu wa kambini na wa mjini, tunawaandikia kutoka Mutanga Sud, hapa Bujumbura. Safari hii hatuleti habari za ujenzi wala za kwaya. Tunaleta swali lililotugawanya, na tunawaomba mlisome polepole, kwa sababu linagusa nyumba nyingi kati yetu.

Ilikuwa hivi. Katika kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi kuna mama mmoja aliyevuka mto Rusizi Februari 2025, wakati Bukavu ilipoanguka, akiwa na watoto wanne. Wa pili ana miaka 12. Alizaliwa na viungo vilivyolegea, hajapata kusimama hata siku moja, na maneno yake hutoka kwa shida, lakini mwenye subira anayaelewa. Mama yake humbeba mgongoni. Ninyi mnaoijua Mutanga Sud mnajua ni mtaa wa mwinuko, na mvua ikinyesha njia zake ni mtihani hata kwa mwenye miguu mizima. Basi siku ile, baada ya sala, mzee wetu mmoja, mtu mwema ambaye hakuna asiyempenda, alimtazama mama huyo akifuta jasho, akamwambia, "Mama, tunamwomba Mungu amchukue mapema, naye apumzike, nawe upumzike." Alisema kwa huruma. Watu wawili watatu wakaitikia amina. Mama aliinamisha kichwa asijibu kitu. Ndipo binti mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti ya chini, "Je, yeye mwenyewe ameulizwa?"

Mtoto alikuwa amekaa palepale juu ya mkeka. Alikuwa amesikia yote.

Tumebishana kwa majuma matatu. Wengine walisema mzee ametamka tu lile ambalo kila mtu analiwaza moyoni. Wengine walisema hata kuliwaza ni dhambi, na wakaishia hapo, kana kwamba kusema neno dhambi kunamaliza mambo. Katika mabishano hayo mwalimu mmoja wa kwetu akatusimulia habari za wakili wa Marekani, avoka kama tunavyozoea kusema sisi tuliosoma kwa Kifaransa, aliyeitwa Harriet McBryde Johnson. Mama huyu alifariki tarehe 4 Juni 2008, akiwa na miaka 50. Tumeona maisha yake yanaingia katikati kabisa ya ugomvi wetu, kwa hiyo tunayakumbuka hapa pamoja nanyi.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1957 katika jimbo la North Carolina, na karibu maisha yake yote aliishi Charleston, South Carolina, mji wa bandari ambako zamani meli nyingi za watumwa ziliteremsha watu waliotolewa Afrika. Alizaliwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli. Hakupata kutembea. Alipokuwa mdogo sana aliona kwenye televisheni tangazo la kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wenye magonjwa ya misuli, akaelewa kwamba yule mtoto wa kwenye tangazo atakufa, na kwamba yeye ni kama yule mtoto. Fikirini mtoto wa umri huo kubeba neno kama hilo peke yake. Akalibeba, akaendelea kucheza na kusoma. Alipokuwa na miaka 15 alilitupa lile koti gumu alilovalishwa ili kumnyoosha mgongo, akauacha uti wa mgongo ujipinde wenyewe kama herufi S, maana kwa kuinama hivyo ndivyo alivyoweza kukaa kwa raha. Akiwa mtu mzima hakufikia hata kilo 35. Aliandika kwa utani juu ya mwili wake, kuwa ni mifupa tu ndani ya mfuko wa ngozi uliolegea, wala hakutaka mtu amwonee aibu kwa ajili yake.

Alisoma historia, akasoma utawala, kisha mwaka 1985 akamaliza sheria katika Chuo Kikuu cha South Carolina. Akafungua kazi ya uwakili mjini kwake. Wateja wake wengi walikuwa maskini wenye ulemavu walionyimwa malipo yao ya serikali, au walioonewa kazini. Ninyi mnaojua foleni za ofisi, na karatasi inayorudishwa kwa sababu tarehe haikuandikwa vizuri, mnaweza kuwaona watu hao bila sisi kuwaeleza zaidi. Aliwasemea. Aliongoza pia chama cha Democratic katika eneo lake la Charleston, na alipita mitaani na kiti chake cha magurudumu cha umeme kwa mwendo wa kasi ambao watu wa mji waliuzoea.

Jambo la kwanza lililotugusa katika maisha yake ni vita yake na huruma.

Huko Marekani palikuwa na kipindi kirefu cha televisheni kila mwaka mwanzoni mwa Septemba, kilichoongozwa na mchekeshaji maarufu Jerry Lewis, cha kukusanya fedha kwa ajili ya magonjwa ya misuli. Fedha nyingi zilipatikana. Watoto walioneshwa kwenye televisheni, watu wakalia, wakatoa. Mwaka 1990 Lewis aliandika makala akijiwazia yeye mwenyewe ndani ya kiti cha magurudumu, na ndani yake alisema kwamba mtu wa hali hiyo ni kama nusu mtu. Tangu wakati huo Harriet alitoka barabarani mwaka baada ya mwaka, siku ya kipindi, akiwa na mabango na wenzake wachache, kukipinga. Wapita njia walishangaa. Si fedha ni zenu? Si ninyi mnaosaidiwa? Mbona hamna shukrani?

Sisi hatukushangaa sana. Nani kati yetu hajapigwa picha? Kila mtu aliyewahi kukaa kambini anamjua mgeni anayeshuka kwenye gari, anatafuta mtoto mwenye kamasi na nguo iliyochanika, anampita yule aliyeoga. Picha ikishapigwa, tunapata blanketi. Blanketi tunalihitaji, hatukatai, na usiku wa baridi hatulirudishi. Lakini kuna kitu kinachukuliwa siku ile, na hakuna anayekiandika kwenye orodha ya vifaa. Yule aliyepigwa picha hakuulizwa jina wala kazi aliyokuwa akifanya kwao. Alikuwa fundi cherehani, alikuwa shemasi, alikuwa na shamba la michikichi Fizi. Kwenye picha ni mkimbizi tu. Harriet alisema jambo la namna hiyo juu ya watu wake: huruma inayomfanya mtu kuwa mdogo ni ghali kuliko fedha inayoleta.

Hapa tuseme kidogo juu ya lugha yetu. Kiswahili kinasema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kimewaweka katika ngeli ya kiti na kikapu. Lakini mtu huyo akifungua kinywa, hatusemi "kiwete kimesema". Tunasema "kiwete amesema". Mwalimu wetu ndiye aliyetuonesha hilo, na mzee wetu alicheka sana, kisha akanyamaza.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na hapo ndipo ugomvi wetu wa Alhamisi ulipokuwa. Katika Chuo Kikuu cha Princeton kulikuwa na profesa wa falsafa, Peter Singer, Mwaustralia, mtu anayesomwa duniani kote. Amefundisha kwamba mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, wazazi wake wakishauriana na daktari, wangepaswa kuruhusiwa kisheria kumwua, hasa kama nafasi yake itachukuliwa na mtoto mwingine ambaye huenda akawa na furaha zaidi. Msidhani ni mtu katili. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Vienna waliokimbilia Australia kabla tu ya vita vya pili vya dunia, na babu na bibi zake watatu waliuawa katika mauaji ya Wanazi. Ni mtoto wa wakimbizi huyu. Na tena, mwaka 1972 alitoa makala iliyompa jina, na makala hiyo ilihusu watu kama sisi: mamilioni ya wakimbizi wa Bengali Mashariki waliokuwa wakifa kwa njaa na magonjwa mwaka 1971. Aliwaambia matajiri wa dunia kwamba umbali si udhuru. Anayekufa mbali nawe ana haki juu ya mali yako sawa na mtoto anayezama kwenye dimbwi mbele ya macho yako. Mpaka leo kuna watu wanaotoa sadaka kubwa kwa sababu waliisoma makala ile, na huenda baadhi ya unga tuliokula umetoka kwao.

Tulikaa kimya mwalimu alipotueleza hayo. Maana ni mizani ileile. Mtu anapima mateso yote ya dunia kama mfanyabiashara anavyopima mchele, anataka mateso yapungue na raha iongezeke. Mizani ikipita kwa mkimbizi, inasema apewe. Ikipita kwa mtoto aliyezaliwa kama wa kwetu, inasema hasara. Nasi tulioifurahia ilipotupima sisi, tuna mdomo gani wa kuikataa inapompima yeye?

Harriet alikutana na profesa huyo kwa mara ya kwanza mwaka 2001, alipokuja kutoa mhadhara Charleston. Profesa alimnyoshea mkono. Yeye akasita, maana wenzake katika kupigania haki za walemavu walimhesabu mtu huyu kuwa adui. Mwisho akampa vile vidole vitatu vya mkono wa kuume vilivyokuwa bado vinafanya kazi. Waliandikiana barua, na mwaka 2002 profesa akamwalika Princeton azungumze na wanafunzi wake. Wenzake wengi walimwambia asiende. Walisema, mtu hakai mezani kujadiliana kama anastahili kuwa hai. Hilo ni neno zito na sisi hatulipuuzi, tunalifahamu vizuri katika nchi zetu. Alikwenda hata hivyo, na mwaka 2003 akaandika habari za safari hiyo katika gazeti la New York Times, na makala hiyo ikasomwa sana.

Hakuegemea dini katika mabishano yale. Alisimama kwenye sheria na kwenye maisha yake. Hoja yake, tukiisema kwa maneno yetu, ilikuwa hii: mtu mwenye miguu anapotazama kiti cha magurudumu anajiwazia yeye mwenyewe akinyang'anywa miguu, anaogopa, na ile hofu yake anaiita mateso ya mwenzake. Lakini aliyezaliwa hivyo hakunyang'anywa kitu. Huo ndio mwili wake. Ana nyumba, ana marafiki, ana ugomvi, ana chakula anachokipenda, ana kazi. Kuwepo au kutokuwepo kwa ulemavu hakukuambii kama maisha yatakuwa na furaha.

Mzee wetu aliuliza swali zuri hapa, na tunaliandika kwa sababu lilikuwa zuri. "Lakini mngepewa kuchagua, nani angechagua mtoto asiyetembea?" Tulifikiri. Mama mmoja muuza ndagaa ndiye aliyejibu. "Mzee, na wewe ungeulizwa kabla hujazaliwa, ungechagua kuwa mkimbizi? Na sasa wewe ni mkimbizi mara tatu. Je, ingekuwa heri usizaliwe?" Mzee alisema hapana, na hakuchelewa kusema. Tumeoa na kuolewa kambini, tumezaa, tumecheka mpaka machozi yakatoka, tumegombania solo katika kwaya. Mgeni wa kwenye gari asingeyaona hayo. Angeona hema.

Lakini tusidanganyane. Kuna aliyesema kwamba mambo ya Marekani ni ya Marekani, naye hakukosea. Harriet alikuwa na kiti cha umeme, wazazi wasomi waliofundisha chuoni, watu wa kulipwa wa kumwamsha, kumwogesha na kumvalisha kila siku, na tangu 1990 alikuwa na sheria ya nchi inayokataza kumbagua mwenye ulemavu. Mama wa kwetu ana mgongo wake, na mgongo huo unauma. Choo cha parseli kina ngazi. Kule ofisini aliambiwa arudi, akarudi, akaambiwa arudi tena. Mwenye kusema kwamba hakuna mzigo hapa aje ambebe huyo mtoto Alhamisi ijayo. Ila Harriet alilijua hata hilo. Mwishoni mwa 2003 aliandika makala nyingine juu ya walemavu wa nchi yake waliofungiwa katika nyumba za kutunzwa, wanaoamshwa na kulazwa kwa ratiba ya wengine, si kwa kosa lolote, ila kwa kuwa serikali inalipia kitanda cha huko kwa urahisi kuliko kulipia mtu wa kuwasaidia nyumbani kwao. Alijua kwamba bila wale wasaidizi angekuwa mle. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo tunaouona juu ya mtoto si ya mtoto. Ni ya ngazi, ni ya njia, ni ya mikono ambayo haikuja.

Katika ile safari ya Princeton kuna kisa kidogo ambacho kilitukaa kuliko hoja zote. Jioni walikaa kula pamoja na wanafunzi, yeye na profesa jirani. Harriet alikula akiegemea viwiko, maana mgongo haukumshika. Katikati ya mazungumzo kiwiko cha kuume kikateleza. Msaidizi wake hakuwa karibu. Basi akamgeukia huyohuyo profesa, akamweleza amshike kifundo cha mkono na kukivuta mbele kidogo tu, kiasi cha inchi moja, bila kukiinua. Profesa akafanya kama alivyoambiwa. Akakaa sawa, wakaendelea kubishana.

Yule mtu hakumfanyia aliloliona jema. Alimfanyia aliloambiwa, kwa kipimo alichoambiwa.

Sasa tufike mahali tusipopapenda. Tuliposimuliwa hayo yote, baba mmoja wa kikundi alitoka nje. Aliporudi alitueleza jambo ambalo mke wake tu ndiye aliyekuwa analijua. Walipokimbia walikuwa na mjomba kipofu nyumbani. Risasi zilikuwa karibu, watoto ni wadogo, njia ni ya porini. Walimwekea maji na unga, wakamwambia wanakwenda kisimani. Hawakurudi. Baada yake wengine wawili walisema la kwao. Bibi aliyepooza. Dada asiyekuwa na akili timamu. Katika kikundi cha watu 19, nyumba tatu.

Hatuwahukumu, maana hatukuwa kwenye njia ile usiku ule, na watoto waliookolewa tunawaona wakicheza hapa. Inawezekana kabisa kwamba hakukuwa na njia nyingine. Lakini baba huyo mwenyewe alisema kinachomwamsha usiku si kwamba alimwacha mjomba. Ni kile kisima. "Labda angetuambia, nendeni wanangu, mimi nimeishi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini hatukumpa nafasi ya kulisema."

Katika Maandiko yuko mtu wa habari kama hizo, nasi hatumhubiri mara nyingi: Mefiboshethi mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano ilipokuja habari kwamba baba yake na babu yake wameuawa vitani. Mlezi wake akamnyakua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Ulemavu wake ni wa kukimbia vita. Baadaye Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli na kumketisha mezani pake, na sisi tunapenda kuhubiri hapo kwenye meza. Lakini kitabu kinaendelea. Siku Daudi mwenyewe alipokimbia Yerusalemu, Mefiboshethi alitaka kwenda naye, mtumishi wake Siba akamwacha, kisha akamwendea mfalme na kumsingizia kuwa amebaki kwa kutaka ufalme. Daudi, katikati ya safari, bila kumsikiliza mwenyewe, akampa Siba mashamba yote. Mfalme mwema aliyempenda, akaamua juu yake bila kumwuliza. Waliporudi na ukweli ukasemwa, hata hapo alirudishiwa nusu tu.

Harriet alikuwa wakili, na kwa wakili hiyo ndiyo sheria ya kwanza kabisa: haukatwi uamuzi juu ya mtu kabla hajasikilizwa.

Ndugu zetu wa Bwagiriza wanaishi upande wa Ruyigi. Mwaka uleule wa 2008 aliofariki Harriet, huko Ruyigi watu waliozaliwa na ualbino walianza kuwindwa na kuuawa, viungo vyao vikipelekwa Tanzania kuuzwa kwa waganga. Ilikuwa mizani ya kutisha kuliko zote, maana mtu alikuwa na thamani akishakatwa. Mwendesha mashtaka wa Ruyigi, Nicodème Gahimbare, aliwakusanya waliokuwa hatarini akawahifadhi nyumbani kwake, na kesi ikaendeshwa. Julai 2009 mahakama ilimhukumu mshtakiwa mmoja kifungo cha maisha, na wengine kadhaa vifungo vya miaka. Katika Afrika Mashariki yetu hiihii walikuwapo wengine waliozaliwa na ngozi ya namna hiyo ambao walikuwa wameshasoma sheria. Mumbi Ngugi akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011, na mwaka 2021 akapanda Mahakama ya Rufani. Abdallah Possi, wakili na mwalimu wa chuo kikuu, akawa naibu waziri wa Tanzania mwishoni mwa 2015, kisha balozi Ujerumani mwaka 2017. Hatuwataji ili mseme kila mwenye ulemavu lazima awe jaji ndipo aheshimiwe. Huo utakuwa ni upimaji uleule kwa mlango wa nyuma, na mtoto wa kwetu huenda asiwe jaji. Tunawataja kwa kuwa walipozaliwa, kulikuwa na watu waliokuwa na uhakika kwamba wanajua maisha yao yatakuwaje.

Tuwaambie pia jambo la sheria, kwa sababu wengi wetu hatulijui. Upo mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, mwezi mmoja kabla Harriet hajafa. Burundi iliuridhia mwaka 2014, Kongo ikajiunga mwaka uliofuata. Marekani iliutia sahihi mwaka 2009, lakini bunge lake la seneti liliukataa mwaka 2012, jambo la kushangaza. Kifungu cha 11 kinazitaka serikali zihakikishe ulinzi wa watu wenye ulemavu wakati wa vita na wa majanga. Kwa hiyo yule mjomba wa kisimani ameandikwa kwenye karatasi ya mataifa. Aliyetakiwa kumfikia hakumfikia, lakini ameandikwa, na mama wa kwetu anapoambiwa arudi tena ofisini, anaweza kwenda akijua kwamba haombi sadaka. Mwalimu ameahidi kumsindikiza.

Majuma mawili yaliyopita tulifanya lile tulilopaswa kufanya mwanzo. Mzee wetu mwenyewe ndiye aliyeomba. Alikaa mkekani karibu na mtoto, magoti yake yakilia, akamwambia, "Baba, siku ile nilikusema na wewe upo. Nisamehe. Leo nataka uniambie wewe. Unataka nini?" Ilichukua muda. Mama yake alitaka kujibu badala yake, tukamwomba asubiri.

Mtoto alisema mambo mawili. La kwanza, hapendi kuletwa mbele kila Alhamisi kuombewa, watu wakimwekea mikono kichwani, maana mikono ni mizito na shingo inauma. La pili, anataka kukaa nyuma, na vijana wa ngoma.

Alhamisi iliyofuata tulimpeleka nyuma. Benchi lilikuwa refu kupita kona, vijana wawili wakalitoa nje. Wakamketisha, akaanguka upande. Wakamwuliza tena. Akasema ukuta uwe kushoto na ngoma ndogo iwe kulia, karibu zaidi, karibu zaidi, hapo.